Mgeni Asiyefika Kapkatet

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii husikika sana katika mialiko na hotuba za makaribisho, na hadhira huipigia makofi pasi na kuichunguza. Lakini inachukulia jambo moja kuwa halina shaka, nalo ni kwamba mgeni atafika. Haisemi lolote kuhusu mgeni ambaye sauti yake imetangulia, ikapendwa, ikaigwa, ikatungiwa nyimbo, naye mwenyewe asikanyage uani. Katika nchi ya majani chai, baina ya Kericho na Bomet, aliwahi kuwako mgeni wa namna hiyo. Wenyeji walimwita Chemirocha.

Shabiki wa leo anayempenda mwanamuziki wa ng'ambo anajua afanye nini. Hulipa kiingilio, na akiwa na uwezo hulipa zaidi ili aingie mapema, kabla ya tamasha. Humo ndani mpiga gitaa huketi kitini, akaonyesha polepole jinsi vidole vyake vinavyopita juu ya nyuzi, akajibu maswali ya wanaojifunza ala hiyo. Kisha mashabiki hupanga foleni. Kila mmoja hupewa mkono, sahihi juu ya jalada la santuri, na picha moja ya pamoja. Kabla hajamaliza sentensi aliyoiandaa tangu juzi, mlinzi humgusa bega ili ampishe wa nyuma yake. Si haki kuubeza mkutano huo, kwa kuwa wengi hutoka wakiwa na furaha ya kweli. Hata hivyo, masharti yote ni ya mwenye jina. Yeye ndiye anayepanga saa na bei, na huamua pia ni swali lipi litakalojibiwa.

Wasichana wa Kapkatet hawakuwa na foleni ya kupanga. Kapkatet ni mji mdogo ulio karibu na mpaka wa kaunti za Kericho na Bomet, ingawa mwaka 1950 mpaka huo haukuwako, kwani eneo zima lilikuwa Wilaya ya Kericho. Mwaka huo Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa amehamia kusini mwa Afrika tangu ujana wake, alipita katika Afrika Mashariki akirekodi muziki wa wenyeji. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa kwa Wakipsigis zilikuwamo tatu zilizobeba jina lile lile la Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyokuja kusikika duniani, iliongozwa na Chemutoi Ketienya, naye akiitikiwa na wasichana wenzake, kinubi kikiwasindikiza. Ni wimbo mfupi mno. Kiongozi hutoa sauti, wenzake humpokea, kinubi kinarudia mzunguko wake ule ule bila haraka, na kabla msikilizaji hajatosheka umekwisha.

Chemirocha huyo alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers wa Mississippi, Marekani. Alizaliwa mwaka 1897, akafanya kazi katika reli tangu ujana, akapatwa na kifua kikuu mwaka 1924, na kwa kuwa ugonjwa ulimfanya asiweze tena kazi za sulubu, akaegemea gitaa lake. Alirekodiwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti 1927 katika mji wa Bristol, na kwa muda wa miaka sita tu iliyofuata akawa mmoja wa waimbaji waliopendwa mno nchini mwake. Alisifika kwa mtindo uitwao yodeli, yaani kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi kule juu kwenye sauti nyembamba, kisha kuirejesha chini tena, mithili ya mtu anayeruka mto kwa mawe. Alifariki New York tarehe 26 Mei 1933, siku chache tu baada ya kurekodi nyimbo zake za mwisho. Mwaka 1986 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll pamoja na kundi la kwanza kabisa, akitambuliwa kuwa mmoja wa wale walioitia muziki huo mizizi. (Asichanganywe na Jimmie Rodgers mwingine, mwimbaji wa nyimbo za vijana aliyevuma kuanzia mwaka 1957, huyo alikuwa bado mvulana Tracey alipofika Kapkatet.)

Kwa hiyo wasichana walipokuwa wakimwalika Chemirocha aje, Rodgers alikuwa kaburini kwa miaka kumi na saba. Hakuwahi kufika Afrika. Kilichofika ni santuri zake, ambazo kwa masimulizi yaliyoenea zaidi ziliingia Ukipsigis pamoja na gramafoni za wamisionari. Mtu akipenda kuchekecha mambo, ataona kejeli ndogo hapa. Huyu mwana wa reli aliimba sana habari za magarimoshi, na Wakipsigis walilijua garimoshi vizuri: reli ya Uganda ilikuwa imepita Lumbwa na Fort Ternan ikielekea Kisumu, ambako ilifika mwaka 1901. Lakini si garimoshi lililowavutia wasichana wale. Walivutwa na sauti inayoruka.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jina lenyewe ni darasa. Utohoaji hufundishwa mara nyingi kwa mifano ile ile ya meza na leso, maneno ambayo Wareno waliyaacha pwani. Chemirocha ni mfano usiochosha. Katika Kikipsigis, kama ilivyo katika lahaja nyingine za Kikalenjin, tofauti ya sauti ghuna na sauti sighuna haitenganishi maana katika vipasuo. Basi sauti ya kwanza ya Jimmie ikawa ch, na ile ya katikati ya Rodgers ikawa ch vilevile. Kikwamizo cha mwisho kikadondoka, na nafasi yake ikashikwa na irabu. Hapo ndipo jambo la kupendeza lilipotokea. Mwanzo wa jina lililotoholewa ukafanana na che-, kiambishi ambacho msikilizaji yeyote wa huko hukikuta kila siku katika majina ya wasichana: Chebet kwa Kibet, Cherono kwa Kiprono, Chelang'at kwa Kiplang'at. Ni kweli kwamba kanuni hiyo ina vighairi vyake, na akina Cheruiyot ni mashahidi. Hata hivyo, Chemutoi alipotamka Chemirocha, mgeni wa Mississippi alisikika kama mtu aliyeitwa jina na shangazi zake. Inasimuliwa pia kwamba baadaye neno hilo lilipanuka, likatumiwa kwa kitu chochote kipya na cha ajabu. Ni mashabiki wachache mno wanaoweza kujivunia kwamba waligeuza jina la kipenzi chao kuwa nomino ya kawaida.

Wimbo wenyewe unamsawiri Chemirocha kuwa nusu mtu, nusu paa. Wasichana wanamhimiza acheze ile ngoma ya kuruka ambayo kila Mkipsigis aliijua, tena aicheze kwa nguvu hata mavazi yamtoke mwilini. Tracey, katika maelezo aliyoyaambatisha kwenye rekodi, alimfananisha na Pan, mungu wa Wayunani mwenye miguu ya mnyama. Tangu hapo wengi walioandika juu ya wimbo huu wamekuwa wakisimulia hadithi moja: kabila la mbali lilisikia gramafoni, likastaajabu, likamfanya mwimbaji wa Marekani kuwa mungu wake. Ni hadithi tamu. Huenda ndiyo iliyoupa wimbo umaarufu. Lakini ni hadithi ya kutiliwa shaka, na mwenye kuitilia shaka hahitaji kwenda mbali kutafuta sababu.

Sababu ya kwanza imo katika utamaduni wa Wakipsigis wenyewe. Kila ukoo wao una tiondo, mnyama wake, ambaye wanaukoo hujinasibisha naye. Katika jamii kama hiyo, kumpa mtu nusu ya mnyama si lazima kuwe ni kumpandisha madhabahuni wala kumfanya zimwi. Huenda ni kumtafutia pa kukaa. Mgeni asiye na ukoo hana pa kusalimiwa. Mwenye mnyama angalau ana mlango. Hii ni dhana tu, na mtaalamu wa mila za Wakipsigis ana haki ya kuipinga, ila haina upungufu wa ushahidi kuliko ile ya Pan. Aidha, sauti ya yodeli hufanya kile hasa afanyacho paa: huruka bila kutoa taarifa. Mshairi anayemwita mwenye sauti hiyo paa hajachanganyikiwa. Ametumia sitiari. Watu wa Mombasa nao husimulia habari za mwanamke mrembo ambaye ukitazama chini unaona kwato za punda, na hakuna mwanachuoni aliyeandika kwamba Mombasa inamwabudu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni mavazi. Msichana anayemwambia mgeni aruke hadi nguo zimtoke hasali. Anatania. Waswahili wanaujua utani, na wanajua kwamba haufanywi na kila mtu kwa kila mtu. Ni tendo la watu walio karibu, au la watu wanaotaka kuuumba ukaribu ambao haupo. Sasa na ifikiriwe nchi ambamo utani huo ulifanywa. Kufikia mwaka 1950 sehemu kubwa ya vilima vya Kericho ilikuwa imeshageuzwa mashamba ya chai ya makampuni yaliyotoka Uingereza, ambayo yaliingia miaka ya 1920. Wakipsigis wengi walikuwa wamesukumwa katika eneo la hifadhi au waliishi katika ardhi ya wazee wao kama vibarua. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilikuwa imeuhamisha kwa sheria maalumu ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho, ukapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Viktoria. Mzungu aliyezoeleka, basi, ni yule anayekuja kuamuru, kuhesabu, kutoza kodi au kuhubiri. Ni nani aliyewahi kumwambia huyo acheze?

Chemirocha alichezeshwa. Katika wimbo ule masharti yote ni ya wasichana: wao ndio wanaomwita kwa jina walilomkatia, wanaomchagulia ngoma, ambayo ni yao, wala si ile ya kwenye santuri, na wanaoamua aruke kiasi gani. Hapana mlinzi wa kuwagusa bega. Hata ala ni ya nyumbani. Gitaa la Rodgers halimo, kuna kinubi tu. Kama ni somo la muziki, basi mwalimu alisikika mara chache kupitia pembe ya gramafoni, na wanafunzi hawakuiga hata wimbo mmoja wake. Walijifunza kitu kingine, labda kwamba sauti ya mtu inaweza kusafiri bila mwili, na kwamba ikishafika kwako waweza kuivisha mwili uutakao.

Na mwanamuziki mwenyewe angefika? Pengine wimbo usingetungwa. Jim Reeves, ambaye mamilioni ya Waafrika walimpenda kwa muziki wa aina hiyo hiyo, alizuru Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960, akapokewa kwa shangwe kubwa, akaimba Kiafrikaana, akaigiza filamu. Shangwe zile hazikumgeuza kuwa kiumbe kingine. Alibaki Jim Reeves aliyefika, akapungia watu mkono, akaondoka kwa ndege.

Tracey aliondoka na rekodi zake. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na baada ya kifo chake mwaka 1977 maktaba hiyo ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes. Sauti ya Chemutoi ikahifadhiwa huko vizuri, ikasikilizwa na watafiti na wapenzi wa muziki katika mabara mengine, ilhali Kapkatet kwenyewe hapakuwa na nakala ya kusikiliza. Ni vigumu kumlaumu Tracey pekee, kwa maana pasipo yeye wimbo ungepotea kama nyingine nyingi. Ni vigumu vilevile kuutazama urithi uliohifadhiwa mahali ambapo wenyewe hawawezi kufika na kuuita salama. Zaidi ya miaka sitini ilipita. Katika miaka ya 2014 na 2015 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirejesha rekodi Kenya, na watafiti wakafika Ukipsigis wakiwa na nyimbo mikononi, wakiwatafuta walioziimba au watoto wao. Bado walikuwako wazee walioikumbuka siku ya gari la mitambo.

Nakala zilizorudi zilibeba maelezo yale yale ya mwaka 1950. Jina la Rodgers limo, na la Tracey limo. La Chemutoi Ketienya limo pia, na ni bahati. Wenzake, ambao sauti zao zinasikika waziwazi zikimpokea na kumhimiza mgeni aruke, wameandikwa kwa pamoja kuwa wasichana wa Kipsigis.