Pampu iliyojaribiwa kabla kadi haijafika

Huku Katuba nyumba nyingi zinategemea kisima. Kijana wa jirani yangu, mwanafunzi wa elektroniki, alitaka Arduino iwashe na kuzima pampu ya kwao bila mtu kusimama pale. Kadi yenyewe ilikuwa bado njiani.

Jioni moja alinionyesha SimulIDE, simuleta ya bure inayoigiza kadi ndani ya kompyuta. Ikishawekwa haihitaji intaneti, na kwetu hilo si jambo dogo. Mahali pa pampu aliweka taa: iwake sekunde 60, kisha izime. Taa ikawaka, lakini haikuzima tena.

Tulitafuta sababu hadi usiku. Aliandika 60 mara 1,000, yaani milisekunde 60,000. Lakini kwenye Arduino Uno namba nzima ya kawaida inaishia 32,767. Ikipita hapo inageuka kuwa hasi, na amri ya kusubiri inaisoma hasi hiyo kama muda wa zaidi ya siku 49! Akaongeza herufi mbili tu, UL, nyuma ya 1,000, taa ikatii.

Ingekuwa pampu ya kweli, kisima kingekauka na mota ingeungua. Mama yake angenunua nyingine kwa pesa gani?

Simuleta haijui joto la Oktoba wala umeme unaopanda na kushuka. Hayo mtayapima kadi ikifika. Lakini vijana, msingoje kadi ndipo muanze. Kosa la kwenye kompyuta haliunguzi mota ya mtu.