Kibarani na Mafuta Yachukuayo Harufu

Msafiri atokaye Uganda au Nairobi kwa barabara kuu, akiisha kupita Changamwe, hufika Kibarani, ukingoni mwa hori ya Makupa. Mbele yake kipo kisiwa cha Mombasa, naye hukiingia kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022.

Kwa miaka mingi Kibarani palijulikana kwa jambo moja, nalo ni jaa la taka za mji. Abiria walifunga madirisha ya magari na kuziba pua mpaka wapite. Mwishoni mwa miaka ya 2010 jaa hilo lilifungwa, na miti ikaanza kupandwa mahali palipokuwa na moshi. Lakini hata katika siku zile mbaya, aliyevumilia mwendo mfupi mpaka Mji wa Kale alipokewa na hewa nyingine kabisa: udi katika chetezo, asumini, mrehani, karafuu na marashi ya waridi. Mji huu umejua manukato tangu zamani, na harusi isiyonukia haihesabiwi kuwa harusi.

Watu wengi hudhani kuwa manukato ni maua na mbao tu. Fundi ajua kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kupata kitu cha kuichukua harufu. Manukato yaliyotiwa katika spiriti hupaa upesi, kwa sababu spiriti hukauka mara ipatapo hewa, na sehemu nyepesi za harufu huondoka pamoja nayo. Mafuta hufanya kinyume. Huishika harufu, kisha huiachilia kidogo kidogo kwa joto la mwili. Tena wako Waislamu wengi wapendao manukato yasiyo na spiriti ndani yake. Kwa hiyo wanawake wa pwani walitengeneza mafuta ya uzuri kwa kuloweka maua na viungo katika mafuta ya ufuta au ya nazi. Katika mji wa Grasse, Ufaransa, mafundi walitumia akili iyo hiyo: walipaka mafuta ya wanyama juu ya vioo, wakatandaza asumini, wakabadilisha maua kila siku mpaka mafuta yashibe harufu.

Sasa katika kazi hii ya manukato ya kupaka limeingia mojawapo la mafuta ya bara, yaani mafuta ya shea. Mti wake humea katika ukanda mrefu wa nchi kavu kutoka Senegal mpaka Sudan Kusini, Uganda na Ethiopia. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda huyaita mafuta hayo moo yaa. Sifa zake ni za kale. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, alifika Mali mwaka 1352, akaandika habari za tunda ambalo wenyeji walikamua mafuta yake kwa kupikia, kwa kuwashia taa na kwa kujipaka mwilini. Hayo ndiyo mafuta ya shea.

Kuyapata si kazi nyepesi. Wanawake na watoto huokota matunda yaliyoanguka, nyama yake ikaliwa, mbegu zikachemshwa na kuanikwa juani. Kisha hupasuliwa, kiini kikakaangwa na kusagwa. Unga ule hukorogwa kwa maji mpaka mafuta yaelee, yakaenguliwa na kuchemshwa tena. Mafuta ya Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na huyeyuka upesi zaidi. Kwa sababu hiyo, katika joto la Mombasa fundi hana budi kuyachanganya na nta ya nyuki ili manukato yake yasimwagike koponi.

Mnunuzi naye na awe mwangalifu. Mafuta yaliyokaangwa sana juu ya moto wa kuni yana harufu ya moshi, nayo huishinda harufu ya asumini. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani hayana harufu, na fundi huyapenda kwa hilo. Mafuta yaliyokaa siku nyingi penye jua na hewa huvunda, na hakuna waridi liwezalo kuuficha uvundo huo. Mafuta mema huhifadhiwa katika chombo kikavu chenye kifuniko, mahali pa baridi, gizani.

Lakini jambo kubwa zaidi ni mti wenyewe. Mti wa shea hukawia miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, na aghalabu haupandwi. Humea wenyewe mashambani, na mkulima mwenye busara huuacha akilima kuuzunguka. Mti wake ni mgumu na hutoa makaa mazuri, na hilo ndilo balaa lake. Miti mingi imekatwa na kuchomwa, makaa yakauzwa mijini kwa magunia. Mwezi wa Mei mwaka 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kukataza biashara ya makaa katika sehemu za kaskazini mwa Uganda. Amri ni jambo jema, lakini mwenye njaa hulitazama gunia la leo kabla ya mafuta ya mwakani, na asipopata bei ya haki kwa mafuta yake, shoka halitalala.

Hapo ndipo mambo ya bara na ya pwani yanapokutana. Makaa ya kutia katika chetezo hupatikana kwa miti mingi. Mafuta ya shea hupatikana kwa mti mmoja tu. Fundi wa Mji wa Kale alipaye vizuri kopo la mafuta safi humpa mama wa Acholi sababu ya kuuacha mti wake usimame. Nao mti uliosimama humlisha mama yule, na binti yake, na mjukuu wake. Uliochomwa hulisha nyumba moja kwa juma moja.