Usianze na Masanduku

Goma, Himbi, Desemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Dada yako amenisomea ujumbe wako kwenye simu, mara ya pili nikamwomba asome polepole. Nimesikia kwamba mwakani unaacha kazi, unachukua pensheni, mnauza nyumba ya Brussels, na kontena lenye vitu vyote litapita Mombasa mpaka hapa. Umeniomba baraka. Baraka unayo tangu ulipoondoka wakati nchi ingali inaitwa Zaire. Lakini mimi ni shangazi yako, dada ya baba yako, na kama baba yako angekuwa hai angekuambia haya kabla yangu. Una mvi, una wajukuu, ila kwangu bado ni mtoto wa kuambiwa.

Neno langu ni moja. Kurudi hakuanzi na masanduku. Mtu huanza kurudi angali huko huko: anarudisha kwanza karatasi zake, halafu fedha zake, afya yake na watu wake. Masanduku huja mwisho. Wengi niliowaona wakirudi kutoka Bulaya na kushindwa hapa walifanya kinyume. Kontena lilifika, mwenyewe akafika, na hapo ndipo walipoanza kuuliza maswali.

Niseme kwanza juu ya mji, maana unaoukumbuka wewe haupo. Moto wa Nyiragongo umetushukia mara mbili tangu ulipoondoka. Tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, ukaacha zaidi ya watu laki moja bila nyumba. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Na vita unavisikia. Waasi wa M23 waliingia Novemba 2012, hawakumaliza majuma mawili. Wakaingia tena mwishoni mwa Januari mwaka huu, na ninapoandika ndio wanaoshika mji. Tangu hapo ndege za abiria hazijatua Goma. Mabenki yalifunga milango. Njia yako sasa ni Kigali, kisha barabara mpaka Gisenyi, kisha mpaka wa Grande Barrière. Na ujue kwamba tarehe 17 Machi Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji; ukipata shida njiani na pasipoti yako ya Kibelgiji, Kigali hakuna balozi wako wa kumkimbilia.

Wakubwa wametia saini ya amani Washington mwezi huu, na Doha wanaendelea kuzungumza. Tunaomba izae matunda. Ila usipange kontena kwa kutazama saini za wakubwa.

Sikuandikii haya ili kukutisha. Watu wanaishi hapa. Watoto wanasoma, tshukudu za mbao zinashuka na viazi na makaa, wamama wa soko la Kituku wanauza samaki wa sambaza kila asubuhi, harusi zinafungwa. Nataka tu uje ukiujua mji huu ulivyo.

Sasa karatasi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wenzako wengi wanapoangukia.

Ulipochukua uraia wa Ubelgiji ulifanya hivyo kwa ajili ya kazi na watoto, sikulaumu. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja, haushikwi pamoja na mwingine. Na sheria ya uraia ya Novemba 2004 inasema anayechukua uraia wa nchi nyingine anapoteza wa Kongo. Kwa hiyo mbele ya sheria wewe, mtoto wa Goma, ni mgeni mwenye kuhitaji viza. Sheria hiyo hiyo inakupa njia ya kuuomba tena, ila haikupi njia ya kuwa na yote mawili. Najua utaniambia wapo wengi wenye pasipoti mbili mfukoni na hakuna anayewauliza. Ni kweli, hawaulizwi, mpaka siku mtu anapoitamani parseli yao. Siku hiyo karatasi waliyoificha inatolewa mbele ya hakimu na mtu wa damu yao.

Maana ardhi inaifuata karatasi ya uraia. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na sisi tunapewa haki ya kuitumia tu. Haki isiyo na mwisho ni ya raia wa Kongo peke yake. Mgeni anapewa ya muda, isiyozidi miaka 25, ambayo inaweza kuongezwa. Basi kaa na wakili, umwekee wazi uraia wako na wa watoto wako, umuulize: jina gani liandikwe kwenye cheti, na nikifa kitamwendea nani? Muulize ungali huko, ukiwa na nguvu za kubishana.

Halafu hiyo parseli yako ya Keshero, una nini mkononi? Kama ni karatasi ya mauziano yenye saini za mashahidi na muhuri wa kartie, bado huna kitu. Kinachosimama ni cheti cha uandikishaji. Na ukisikia mtu mwingine amejitolea cheti juu ya ardhi yako, usingoje likizo uje uone: miaka miwili ikipita bila wewe kukipinga, utabaki kudai fidia, ardhi yenyewe imekwenda. Yule ndugu unayemtumia fedha za kuijenga, mpe mamlaka ya maandishi, yenye mipaka, na umwombe stakabadhi bila kuona haya. Kuomba stakabadhi si kumtukana ndugu. Kunamlinda yeye pia, siku nyingine wakianza kumsingizia.

Tena wakati huu usinunue parseli nyingine wala usiuze. Mji una ofisi za wanaoushika na Kinshasa ina zake; karatasi inayotiwa saini leo upande mmoja inaweza kukataliwa kesho upande wa pili. Anayekuambia bei imeshuka na ufanye haraka, muulize imeshuka kwa nini.

Kabla fundi hajachimba msingi, waulize wazee wa pale juu ya mazuku. Ile gesi nzito haina rangi, inalala mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaitawanya, nayo inaua. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Lac Vert na Bulengo, wenyeji wanajua pa kukwepa. Wauza-ardhi wa kwenye simu hawakuambii. Nenda pia kwa watu wa Observatwari ya Volkano, hiyo ndiyo kazi yao.

Niende kwenye fedha. Pensheni uliyoifanyia kazi ni jasho lako, lakini andikia ofisi ya pensheni ukiwa bado huko, uwaulize kwa maandishi: nikihamia Kongo mtanilipa wapi, kwa masharti gani, na nikibadili uraia itakuwaje? Wakujibu kwa maandishi pia. Kila mwaka watataka cheti kwamba bado unaishi. Ujue mapema ni nani hapa atakayekutilia saini wanayoikubali. Na ile nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo, wanayoiita GRAPA, usiihesabu kabisa. Hiyo ni ya mwenye kukaa Ubelgiji, na siku za kuwa nje ya nchi hazizidi 29 kwa mwaka. Wako waliopanga uzee wao wote juu yake.

Akaunti ya huko usiifunge. Hapa mabenki yalipofungwa tuliishi kwa fedha za simu, ajenti akikata anavyotaka, au mtu anavuka mpaka kuchukua fedha yake Gisenyi na kurudi nayo amejifunga kiunoni. Nyumba ya Brussels, kama mnaweza, msiiuze mwakani. Ipangisheni. Kuuza kunaweza kungoja. Kununua tena kule, kwa umri wako, hutaweza.

Mwili. Una tansio, na mama watoto ana sukari. Tuna waganga wazuri, HEAL Africa wapo, CBCA Ndosho wapo, Hospitali ya Mkoa ipo, na katika vita hivi wamefanya kazi ambayo Mungu ndiye atakayewalipa. Lakini hapa unalipa kwanza ndipo unatibiwa, na mutuelle, bima yako ya afya ya huko, usiitegemee. Mwombe daktari wako akuandikie orodha ya dawa kwa jina lenyewe la dawa, si la kampuni, kisha uitume kwa dada yako aulize zipi zinapatikana hapa na kwa bei gani. Insulini inataka friji, na friji inataka umeme. Januari umeme na maji vilikatika pamoja, watu wakashuka ziwani na mabidoni. Kama hamjapata jibu juu ya insulini, hamjapata jibu juu ya kurudi.

Na mama watoto amesema nini? Ujumbe wako wote ulikuwa wa «mimi nataka», «mimi nitajenga». Wajukuu wake wako huko, mikononi mwake. Mwanamke anayefuata mume kwa kunyamaza hafiki. Mwili wake tu ndio unaofika. Mwambie aseme yote, hata lile usilotaka kulisikia. Kisha ndoa yenu iandikishwe huku pia, na urithi uandikwe. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtambua mjane na haki yake, lakini nimeona wajane wakitolewa nyumbani kabla arobaini haijapita, na mashemeji hawakuwa wameisoma sheria yoyote. Karatasi iliyoandikwa ukiwa hai itamlinda kuliko mapenzi yetu sote.

Nimalizie na watu. Hilo ndilo kubwa.

Siku zile za Januari, risasi zikilia hapa Himbi, simu yangu ilikuwa na fedha mlizotuma ninyi watoto. Hakuna ajenti aliyefungua. Waliotuletea unga na maji ni majirani wa avenyu, watu tuliozika pamoja na kulea pamoja. Sikusemi kwa fedha, tunashukuru, zilitufaa sana baadaye. Ila nataka ujue ni kitu gani kitakachokushika wewe siku kama hiyo. Ukuta wa mawe ya volkano wenye nyaya za miba juu hautakuletea unga.

Kwa sasa avenyu nzima inakujua kama mtu wa Bulaya. Mtu wa Bulaya anaombwa. Ada ya shule, kilio, mgonjwa, parseli, kila mtu atapita, na wengi watakuwa na shida ya kweli. Ukimpa kila mtu, mwaka hautaisha utakuwa unaomba wewe. Ukimnyima kila mtu, utaishi peke yako ndani ya geti. Weka kiasi, ukitangaze mbele ya ukoo, ukabidhi wazee wawili na dada yako waamue kinakwenda wapi. Kikiisha, kimeisha. Neno «hapana» lisemwe na wazee, usilibebe mwenyewe.

Halafu njoo na kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lako ni umeme. Umefanya ufundi huo maisha yako yote, na hapa Majengo na Ndosho kuna vijana wanaojifunza kwa kushika waya na kuruka. Anza nao kwa simu, Jumamosi moja moja, dada yako atawakusanya. Kontena lako lijae vifaa, vipimo na nyaya; viti vya sebuleni seremala wa hapa atakutengenezea. Ukija namna hiyo, utasalimiwa njiani kwa kazi yako, na watoto wa avenyu watakuita mwalimu. Mzee anayekuja kupumzika tu, mji huu wenye haraka unamsahau kabla ya mwaka.

Basi nakupa utaratibu. Mwakani, njia ikiwa salama, uje wewe na mama watoto kwa miezi mitatu. Mje na masanduku mawili. Msikae hotelini, mkae hapa kwangu, mteke maji tunavyoteka, mpange foleni tunapopanga, mwende kilioni na kanisani. Mje wakati wa mvua, si kiangazi. Mkirudi Brussels kaeni mwezi mmoja bila kuamua kitu. Kisha mniandikie, kila mmoja kwa mkono wake. Mkisema ndiyo wote wawili, tutaendelea na parseli. Mkisema hapana, au mkisema nusu mwaka huku na nusu huko, hakuna atakayewaita watoro mbele yangu. Ukoo hauhesabu watu kwa mahali wanapolala.

Na kama nitakuwa nimekwenda kabla hujaja, usikimbilie kontena kwa uchungu wa msiba. Fuata utaratibu huu huu, dada yako anao.

Wiki hii fanya mambo matatu: mwandikie ofisi ya pensheni, mtafute wakili, na umuulize mke wako. Majibu yote matatu nayataka kabla ya Pasaka.

Ni mimi shangazi yako.