Makaa ya Iona

Kivuko kutoka Fionnphort hadi Iona, magharibi mwa Scotland, huchukua dakika kama kumi, nami zote nilizimaliza nikishikilia kofia isipeperuke. Tuliposhuka, karibu wote walielekea kwenye kanisa la mawe. Kanisa hilo lilianza kujengwa karibu mwaka 1200. Columba, mtakatifu waliyemfuata, alifika hapa kutoka Ireland mwaka 563 na kufariki 597. Hakuliona hata jiwe lake moja.

Mimi nilipanda Tòrr an Aba, kilima kidogo cha mwamba kinachotazamana na kanisa. Mwaka 1957 mwanaakiolojia Charles Thomas alichimba hapo akakuta makaa: fito zilizoungua, masalia ya kibanda. Aliyekulia kwenye nyumba ya udongo hahitaji kuelezwa fito ni nini. Upimaji wa umri kwa kaboni ulikuwa bado mchanga, basi Thomas akayatia makaa yale kwenye visanduku vya kiberiti, yakakaa miaka na miaka katika gereji yake huko Cornwall. Majibu yalitangazwa 2017, mwaka mmoja baada ya kifo chake: fito zilikatwa kati ya mwaka 540 na 650. Miaka 110 ni nafasi pana, siapi kwamba kibanda kilikuwa cha Columba. Ila kuna mtu alikaa hapa juu enzi za Columba au karibu nazo, akipigwa na upepo huu huu.

Tuta la boma la watawa wa Columba bado lipo; siku hiyo lilikuwa la kondoo. Kwenye matope ya handaki lake vilichimbuliwa viatu vya ngozi na bakuli za mbao, vitu ambavyo udongo mkavu usingeviacha. Mtu alivaa kiatu mpaka kikachoka, akakitupa shimoni kama sisi tunavyotupa ndala iliyokatika.

Adomnán, aliyeandika maisha ya Columba yapata miaka 100 baada ya kifo chake, anasimulia kwamba wageni walipiga kelele kutoka ng'ambo ili wafuatwe kwa mashua. Siku moja Columba, akiwa kibandani, aliisikia sauti akasema: huyo anayeita leo atamwaga wino wangu. Mgeni akaja, akakimbilia kumbusu, pindo la vazi lake likapiga pembe ya wino, ikapinduka.

Nilitega sikio kuelekea ng'ambo. Kivuko kilikuwa kinapiga honi.