Kelele za Pumzi

Chini ya Ziwa Chala kuna kijiji. Ndivyo wanavyosema watu wa Taveta, na si hadithi ya jana. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku mwaka 1883, aliambiwa kwamba kijiji cha Wamaasai kilirushwa hewani mlima ulipolipuka, na kwamba mpaka leo sauti za ng'ombe, kondoo na pilikapilika za kijiji husikika kutoka kilindini.

Rafiki yangu ni mzamiaji. Alisomea Diani, na sasa anataka kushuka Chala na mtungi mgongoni. "Nikitoka nitawaambia kama kuna kitu," anasema. Tulikuwa ukingoni, pale kreta inapokatika ghafla na maji yanaonekana mbali chini, ya buluu inayoelekea kijani. Mzee mmoja aliyekuwa akipumzika kivulini alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Kijana wangu, hicho kitu unachopumulia, kinanyamaza?"

Hakinyamazi. Nimejaribu mara moja baharini, na kilichonishangaza hakikuwa samaki. Ilikuwa mimi. Ukivuta pumzi, hewa inazomea ikitoka kwenye regyuleta, kile kifaa kinachopunguza nguvu ya hewa ya mtungi mpaka mapafu yaimudu. Ukiitoa, viputo vinabubujika chini ya kidevu na kupita sambamba na masikio. Kelele, kimya kidogo, kelele. Kila kitu kingine unakisikia katikati ya pumzi zako, kama mtu anayejaribu kusikiliza redio ndani ya matatu.

Kiputo hakipiti kimya. Mwaka 1933 mwanafizikia Marcel Minnaert alionyesha kwamba kila kiputo kina mlio wake, na mlio huo unategemea ukubwa wake. Kiputo chenye upana wa sentimita 2, karibu na uso wa maji, hutetemeka kama mara 330 kwa sekunde. Huo ni karibu sawa na mlio wa kamba nyembamba zaidi ya gitaa. Sasa piga gitaa mia kwa mpigo, kila unapotoa pumzi. Na majini sauti hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Samaki wengi husikia vizuri zaidi sauti za chini, na mlio wa viputo vikubwa unaangukia humo humo.

Wazamiaji wamehangaika na jambo hili. Regyuleta za zamani, kama ile ya Jacques Cousteau na Émile Gagnan ya mwaka 1943, zilikuwa na mipira miwili, na hewa chafu ilitokea nyuma ya shingo. Viputo havikupita usoni. Za siku hizi zina mpira mmoja, ni rahisi kutunza, lakini zinakupigia kelele masikioni. Mbona basi usifunge bomba refu lipeleke viputo juu, mbali na wewe? Kwa sababu maji yana uzito. Tundu la kutolea hewa likiwa juu kuliko kiwambo cha regyuleta, huko kani ya maji ni ndogo, na hewa itatoka yenyewe bila kukusubiri. Likiwa chini sana, utatoa pumzi kwa kusukuma.

Basi uzuie pumzi? Hapana. Hiyo ndiyo amri ya kwanza ya mtungi: usizuie pumzi. Ukipanda kutoka mita 10 baharini, hewa iliyo kifuani inataka kuwa mara mbili, na mapafu yanaweza kupasuka. Kelele ile ndiyo uhai wako.

Iko njia moja ya kunyamaza kweli: mashine inayorudisha pumzi yako, ikaisafisha kwa chokaa maalum inayonyonya kaboni dioksaidi, ikaongeza oksijeni na kukupa tena. Haitoi viputo, isipokuwa unapopanda. Lakini ni ghali, na oksijeni ikipungua bila wewe kujua, unaweza kuzimia bila onyo.

Mashine hiyo ilionyesha jambo ambalo siwezi kulisahau. Kisiwani Guam, watafiti walihesabu samaki kwa njia zote mbili na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Ndani ya hifadhi, tofauti ilikuwa ndogo. Nje, ambako watu huwinda samaki, wazamiaji wasio na viputo waliona samaki wengi zaidi na aina nyingi zaidi. Samaki walikuwepo wakati wote. Walikuwa wamejifunza tu kwamba sauti ile ikija, mkuki unafuata. Wenye viputo wangerudi juu na daftari safi: hapa samaki ni wachache.

Hapo ndipo swali la mzee linaponichoma. Chala kuna perege wake, Oreochromis hunteri, ambaye kwa asili hapatikani ziwa lingine lolote duniani, na yuko hatarini kabisa kutoweka. Madume wa ndugu yake, perege wa Msumbiji, hutoa sauti za chini wanapotongoza majike. Sitashangaa kama na huyu ana lake la kusema. Lakini mtu akishuka na mtungi mara mbili, tatu, akarudi kusema "hakuna kitu", neno lake litaandikwa. Ataaminiwa kwa sababu alifika. Hakuna atakayeuliza alifika na kelele kiasi gani.

Nimemwambia rafiki yangu aache mtungi nyumbani. Kwanza kuna mamba. Mwaka 2002 msichana Mwingereza aliuawa humu akiogelea, kwa hiyo hili si la kuchezea. Pili, ipo maikrofoni ya majini. Unaishusha kwa kamba, unaondoka, unaiacha usiku kucha isikilize bila kupumua.

Amekasirika kidogo. Anasema hiyo si kuzamia. Ni kweli, si kuzamia. Lakini yeye alisema anataka kujua kama kuna kitu, na kujua kunaanza na kunyamaza, hata kama anayenyamaza ni kifaa na wewe umekaa Taveta unakunywa chai.