Kuweka Linux katika Kompyuta Kuukuu

Watu wengi hudhani ya kuwa kuweka mfumo endeshi katika kompyuta ni kazi ya mafundi peke yao. Sisi walimu wa Igogo twaona sivyo. Mwenzetu mmoja alitozwa shilingi elfu thelathini mjini kwa kazi ambayo sasa huifanya mwenyewe kwa mchana mmoja, tena huwafanyia na jirani zake.

Mfumo endeshi ni programu iliyo msingi wa programu nyingine zote. Pasipo huo kompyuta ni sanduku tu. Kompyuta zetu nyingi zilikuja na Windows 10, ambayo muda wake wa kawaida wa matengenezo ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliki kwa Windows 11. Basi mwenye mashine nzima huambiwa anunue nyingine. Kwa mshahara gani?

Dawa yake ni Linux. Kiini chake kilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, na juu ya kiini hicho wengine wamejenga mifumo kamili, kama Ubuntu wa mwaka 2004, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo si geni kwetu, kwani ubuntu ndio utu. Kila mtu ana ruhusa kuuchukua, kuunakili na kumpa jirani, wala si wizi.

Kwa mashine dhaifu twapendelea Linux Mint ya namna ya Xfce, ambayo huridhika na RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 20 katika diski, ingawa ikipata zaidi ni vema. Faili lake lakaribia GB 3, na hapo ndipo gharama ilipo, maana bando si bure. Kwa hiyo hupakua mmoja wetu, kisha flashi huzunguka mkono kwa mkono hata Mkuyuni. Haitoshi kunakili faili katika flashi. Yapasa kuliandika kwa programu kama balenaEtcher. Kisha chomeka flashi, washa mashine, ubonyeze F12 au Esc kwa kadiri ya kampuni iliyoitengeneza. Mfumo utafunguka kutoka katika flashi pasipo kugusa diski, nawe utajaribu sauti na Wi-Fi kabla ya kukata shauri. Ukiridhika, utaulizwa lugha, saa za mahali (jibu Dar es Salaam), jina lako na neno la siri. Yaliyobaki mashine huyafanya yenyewe.

Lakini liko swali moja la kuogopwa: je, Linux ikae kando ya Windows, ama diski yote ifutwe? Mwalimu wa shule moja alibonyeza kufuta bila kusoma, na alama za wanafunzi za miaka mitatu zikaenda zake. Wepesi wenyewe ndio hatari hapa. Nakili kwanza kila kitu katika flashi nyingine, ukayafungue mafaili hayo katika mashine ya mtu mwingine uone kama yasomeka. Betri nayo ijae, kwa kuwa umeme hauna adabu.

LibreOffice huja pamoja na Mint, nayo hufungua barua na hesabu zilizoandikwa kwa Microsoft Office, ijapokuwa majedwali huweza kuharibika kidogo. Mtangulizi wake, OpenOffice, alikwisha kutiwa Kiswahili mwaka 2004 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaitwa Jambo OpenOffice. Ila mtu ategemeaye programu ya uhasibu ya Windows asiiondoe kwanza.

Apendaye kujaribu na aje Igogo na flashi ya GB 8 isiyo na kitu, kwa maana yaliyomo yote yatafutwa.