Gari la Mjomba na Bei ya Kusimama

Kwetu Mgeta, bei ya Land Rover ilihesabiwa kwa magunia ya kabichi. Mjomba, kaka wa mama yangu, hakuwahi kuniambia alilinunua gari lake kwa shilingi ngapi. Aliniambia lilibeba lumbesa ngapi mpaka fedha yake ikarudi, na idadi hiyo ilipanda kidogo kila alipokuwa na wageni. Nilikua nikiamini kwamba gari, kama ng'ombe, ni kitu kinachozaa, na kwamba anayelisifia uzuri tu hajawahi kulinunulia mafuta.

Lilikuwa Land Rover 109, Series III, toleo ambalo kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilianza kulitoa mwaka 1971. Hiyo 109 ni inchi, umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Sisi watoto tulijua ni idadi ya watu linaloweza kubeba, na siku za soko la Nyandira dereva alijitahidi asituangushe. Mjomba alilipata mwanzoni mwa miaka ya themanini kwenye mnada wa magari yaliyochoka ya mradi mmoja, nembo mlangoni imefutwa kwa rangi isiyofanana na ile ya bodi. Nembo yenyewe ilikuwa inasomeka jua likipiga.

Bibi hakufurahi lilipoingia uani. Kwa watu wa rika lake gari la namna ile lilikuwa la Serikali, na Serikali haikupanda mlima kuja kusalimia. Kati ya mwaka 1950 na 1955 wakoloni waliendesha huku kwetu mradi wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, ule uliojulikana kwa kifupi kama ULUS, wakawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Upande wa Matombo hasira zililipuka mwaka 1955 na mradi ukafa. Bibi alikuwa ameyachimba matuta hayo kwa mikono yake. Ilichukua msimu mzima wa kabichi, na kitenge kimoja kutoka Kariakoo, mpaka akakubali kupanda kiti cha mbele.

Barabara ya kwetu inaacha lami ya Iringa pale Sangasanga, inapita Mlali kwenye joto na vumbi, kisha inaanza kupanda. Asiyeijua atadhani naongeza chumvi. Upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili migomba ambayo vilele vyake viko chini ya miguu yako. Wakati wa masika lori lililazimika kusubiri Mlali mpaka njia ikauke, wakati njegere na karoti haziwezi kusubiri. Hapo ndipo Land Rover ilipokuwa mfalme. Chini ya dashibodi kulikuwa na vijiti viwili zaidi ya gia ya kawaida: chenye kichwa cha njano, ukikikandamiza magurudumu yote manne yanavuta, na chenye kichwa chekundu, ukikivuta nyuma gari linaingia gia za nguvu na kutambaa polepole kuliko mtu anayetembea. Tulijua kwa sauti tu, tukiwa bado shambani, kwamba mjomba amevuta chekundu. Utingo aliruka chini na gogo lake mkononi, akatembea nyuma ya gurudumu tayari kuliwekea kizuizi. Kazi hiyo aliifanya kijana wa jirani kwa miaka mingi, na mpaka leo kidole chake kimoja cha mguu hakina kucha.

Ilikuwa bado miaka ya uhaba, gari binafsi likionekana barabarani Jumapili alasiri dereva ana maelezo ya kutoa kwa polisi. Petroli ilikuwa kwa foleni na kwa kujuana. Spea ndiyo kabisa. Fundi wa mjomba, aliyekuwa na kigereji chake mjini Morogoro karibu na Msamvu, alijifunza kuchonga bushi kwa mti mgumu, na kukata gasketi kwenye karatasi ya kalenda iliyopita. Nasema hivi si kwa kumsifu kupita kiasi. Magari mengine yalimfia mkononi. Lakini alikuwa analijua gari lile kuliko mjomba mwenyewe, na mjomba alipata wivu kwa hilo.

Kisha mwaka 1984 Serikali ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na mlango ulipofunguka hivyo haukufungwa tena. Miaka ya tisini ilikuja na Toyota: kwanza chache, halafu barabara nzima. Mashirika yaliyokuwa yakipanda milima kwa Land Rover yalihamia Land Cruiser. Barabara ilipochongwa vizuri zaidi, Fuso na Canter zikaanza kufika mpaka mashambani, zikibeba kwa safari moja mzigo ambao mjomba aliubeba kwa siku kadhaa. Hakuna aliyelia. Nakumbuka mjomba akipiga hesabu ya petroli ya gari lake na ya dizeli ya Canter, akafunga daftari, akaenda kulala.

Kilichofuata ni kipindi ambacho wapenzi wa magari ya zamani hawapendi kukisikia. Bodi ya Land Rover si ya chuma bali aloi ya alumini, kwa sababu Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover walipolibuni, chuma kilikuwa bado kinagawiwa kwa mgao Uingereza baada ya vita. Gari lenyewe lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Kwa hiyo bodi haili kutu. Lakini kitu kisichooza kina adui wake mwingine. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipopita mitaani na mizani zao, milango na mabonati ya Land Rover yalikuwa bidhaa ya kwanza kuulizwa, yakaenda kuyeyushwa na kutoka upande wa pili yakiwa masufuria. Mama yangu alipikia ubwabwa kwenye mojawapo, na aliipenda sufuria hiyo. Haikuonekana kuwa hasara kwa mtu yeyote. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya soko: kilo.

La mjomba lilinusurika kwa sababu ya fundi. Alitoa ile injini ya petroli ya lita mbili na robo iliyokuwa inakunywa faida yote, akaingiza ya dizeli ya Isuzu iliyotoka kwenye lori lililoanguka. Alikata na kuchomelea vishikio vipya, akarefusha bomba la moshi, akasogeza rejeta. Ilimchukua muda mrefu, na matusi mengi. Gari likaamka, likapewa kazi ndogondogo: kubeba mawe ya msingi, mabati ya kanisa, wagonjwa, maiti.

Wapenzi nao wakaja, nadhani miaka ya elfu mbili na kumi ilipoanza. Vijana wa maofisini, wahadhiri, daktari mmoja, na Mhindi wa mjini ambaye baba yake alikuwa na duka la spea. Walikutana Jumamosi kwa fundi, kila mmoja na Land Rover lake lililooshwa. Walikuwa wakiangalia taa za mbele na kukuambia umri: zikiwa katikati, kwenye wavu, ni la zamani zaidi, zikiwa zimehamia kwenye madigadi ni la mwisho wa miaka ya sitini au baadaye. Walijua historia ambayo mjomba aliyelala chini ya gari hilo hakuwahi kuisikia. Siku moja walipanda mpaka Langali, magari kama sita hivi, matupu. Mjomba aliwakaribisha, akawapa matunda damu, akazunguka magari yote akichungulia nyuma. Kisha akauliza kwa upole wa kweli: "Wanangu, mnapanda na kushuka bila mzigo, mnatafuta nini?" Daktari alijibu kwamba babu yake aliendesha gari kama hilo. Mjomba alilikubali jibu hilo. Alipoona daktari amejipaka grisi mpaka viwikoni kumsaidia mwenzake, alimkubali zaidi.

Niliwapenda watu wale, na naona hawakuwa mbali na mjomba kama wao wenyewe walivyodhani. Walitumia fedha bila kutarajia irudi, hiyo ndiyo tofauti. Lakini magari yalitembea, yakaharibika, yakatengenezwa, na fundi akala.

Waliokuja baada yao walikuwa na maswali tofauti. Tarehe 29 Januari 2016, Solihull ilitoa Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani, na mwaka huohuo kampuni yenyewe ikaanza kuzitafuta Series I chakavu, kuzifufua kiwandani na kuziuza tena kwa pauni elfu sitini na zaidi. Marekani nako gari likishafikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila masharti ya magari mapya, hivyo Defender za zamani kutoka kila pembe zikawa zinasubiriwa bandarini kama watu wanaosubiriwa uwanja wa ndege. Juu ya hapo zikasikika habari za minada ya wakubwa: Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 kwa dola milioni 48.4 huko California mwaka 2018; Mercedes-Benz ya mwaka 1955 kwa euro milioni 135 mwaka 2022. Gari la kubebea kabichi na Ferrari hazina undugu, ila habari za bei hazihitaji undugu ili kusambaa. Zilifika mpaka Nyandira kwenye simu za bodaboda.

Ghafla watu waliovaa viatu safi walikuwa wakiuliza kwenye vibanda vya chai nani ana "landrova" nyuma ya nyumba. Magari yaliyokuwa yakitagiwa mayai na kuku yalitolewa uchi hadharani. Hapo niwe mkweli: bila fedha zao mengi yangekwisha kuwa masufuria. Mwezi Oktoba 2024 Arusha ilipoandaa tamasha la Land Rover, wakitaka kuvunja rekodi ya dunia ya msafara iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018 kwa magari 632, nchi nzima iliona ni mangapi yamefufuliwa. Hata hivyo huwa nacheka nikikumbuka kwamba mtu akiagiza gari lenye zaidi ya miaka kumi kutoka nje, forodha yetu inamtoza ushuru wa ziada kwa uzee wake. Uzee huohuo, gari likiwa tayari limo ndani ya nchi, ndio anaouuza.

Mnunuzi wa gari alikuja mwaka mmoja baada ya mazishi ya mjomba. Alikuwa mtu wa adabu, kutoka Dar es Salaam, na alisema wazi kwamba anaweka akiba: ardhi ameshanunua, hisa haziamini. Alifungua bonati, akaona Isuzu, akakunja uso. Kwa jicho lake kazi nzuri kuliko zote aliyowahi kufanya fundi wetu ilikuwa dosari, na aliitoa kwenye bei. Alitaka ile injini ya kwanza. Kwa bahati fundi hakuwahi kutupa chochote: ilikuwa kwenye kona ya gereji, imegeuzwa kuwa meza ya vaisi.

Lakini nani auze? Sisi Waluguru tunafuata upande wa mama. Shamba ni la lukolo, ukoo, na mjomba akifariki wapwa ndio wenye sauti. Watoto wake walisema gari si shamba, baba yao alilinunua kwa jasho lake. Kaka zangu wakajibu kwamba jasho lilitoka kwenye kabichi, na kabichi zilitoka kwenye ardhi ya ukoo. Kikao kilianza asubuhi kikaisha usiku, na shangazi mmoja alizirai au alijifanya amezirai. Miaka ile gari lilipouzwa kwa kilo, hakuna ambaye angegombana. Mwishowe tuligawana nusu kwa nusu, wapwa na watoto, na karatasi zikaandikwa mbele ya mtendaji wa kata.

Sasa limesimama Mbezi chini ya turubai, petroli yake imerudi kifuani, rangi imepigwa ile ya kiwandani. Injini ikikaa bila kuwashwa mipira hukakamaa na vyuma hushikana, kwa hiyo kila mwezi mwenyewe anamlipia fundi nauli ya treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, aende akaliwashe kwa robo saa na kulizima. Malipo ya robo saa hiyo yanazidi aliyoyapata kwa kuingiza Isuzu. Nilimuuliza kama huwa analitoa hata getini. Akasema bima hairuhusu, na kwamba mwenyewe anamwangalia kwenye kamera.

Binamu yangu, mtoto wa pili wa mjomba, aliweka mgawo wake kando ili anunue Land Rover jingine la kazi. Mashamba yake yako juu kabisa, kule Fuso isikofika. Amezunguka Mlali, Kiroka, Mkuyuni mpaka Kisaki. Kila anapolikuta moja, mwenye nalo anamwonyesha kwenye simu bei ya lile la baba yake.